Ukiona Chombo cha Anga Juu ya Tishari: Mwongozo kwa Watazamaji wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Ukisimama Likoni ukaona tagi linavuta tishari polepole kuelekea mlango wa bandari, na juu ya tishari kuna kitu cheupe chenye mabawa na pua nyeusi, usikimbilie kukikagua kile kitu. Kagua kwanza tishari. Tazama kama lina paa au liko wazi, kama mzigo umefunikwa au unapigwa na jua na rasharasha za chumvi, kama kuna jenereta na mabomba ya hewa kando yake au kamba na minyororo tu. Hoja ya mwongozo huu ni moja: chombo cha anga kinachongoja kurushwa husafiri baharini kimefichwa, na kile kinachoonekana waziwazi sitahani karibu kila mara ni nakala ya maonyesho, au ni chombo ambacho hakitaruka tena, au si chombo cha anga hata kidogo. Umbo hudanganya kwa sababu nakala hutengenezwa makusudi ili ifanane na chombo chenyewe. Namna ya kubebwa haidanganyi kwa wepisi huo, kwani ulinzi wa safari ni gharama kubwa, na hakuna mwenye mali anayelipia bati na mbao ulinzi unaostahili mtambo wa mabilioni ya shilingi.

Ushahidi wa kwanza uko kaskazini mwetu, Ngomeni, kupita Malindi. Huko, chini ya Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma baharini ili warushie roketi karibu na ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa bure wa takriban kilomita 1,670 kwa saa. Jukwaa la Santa Rita, ambalo asili yake ni kazi za mafuta, lilitumika kurushia roketi ndogo za majaribio aina ya Nike-Apache mwaka 1964. Jukwaa la San Marco lilifuata mwaka 1966, na tarehe 26 Aprili 1967 setilaiti ya San Marco 2 ikapaa kutoka hapo. Hadi mwaka 1988 setilaiti tisa zilikuwa zimerushwa kwa roketi za Scout za Marekani. Mashuhuri kuliko zote ni ile ya tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya kujitawala, nayo ikaitwa Uhuru. Ndiyo setilaiti ya kwanza duniani iliyotengwa kwa kazi ya kuchunguza eksirei zitokazo mbali angani, na msukumo wa utafiti huo ulikuja kumpatia Riccardo Giacconi Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Sasa pima vipimo vyake. Majukwaa yalikuwa vitu ambavyo kila mvuvi angeviona: machuma makubwa yenye miguu, yakikokotwa baharini na matagi. Roketi ya Scout ilikuwa na urefu wa mita 23 hivi, lakini unene wake haukuzidi sana mita 1, na ilikuwa ya hatua nne zinazounganishwa, kwa hiyo haina haja ya kusafirishwa ikiwa nzima. Uhuru yenyewe ilikuwa na uzito wa kilo 141 hivi. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyorushwa kutoka California tarehe 15 Aprili 2023, ni ndogo zaidi: upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 30 na kitu. Anayengoja kuona kitu kikubwa ndipo aamini kwamba chombo cha anga kimepita, atapitwa na vyombo halisi vyote ilhali macho yako wazi.

Lakini vyombo halisi vikubwa navyo vipo, na hivi ndivyo vinavyoipa hoja nguvu zaidi. Darubini ya anga ya James Webb iliondoka California tarehe 26 Septemba 2021 ndani ya meli ya MN Colibri, ikapita Mfereji wa Panama, ikafika Guyana ya Ufaransa tarehe 12 Oktoba. Hakuna aliyekuwa ukingoni mwa mfereji ule aliyeiona. Ilikuwa ndani ya kontena maalumu lenye urefu wa zaidi ya mita 30, ambalo hewa yake huchujwa na unyevu wake hudhibitiwa, na kontena lenyewe lilikuwa tumboni mwa meli. Sehemu za roketi kubwa za NASA husafiri ndani ya tishari liitwalo Pegasus, ambalo lina paa na kuta. Sababu iko kwenye maumbile ya vitu hivi: chumvi hula metali nyembamba, vumbi huharibu vioo, unyevu huingia kwenye nyaya, na mtikisiko wa mawimbi hulegeza viungo ambavyo havitafikiwa tena na fundi vikishapaa. Linganisha na mwezi Mei mwaka 2012, pale nakala kamili ya chombo cha Space Shuttle, ambayo baadaye iliitwa Independence, ilipotolewa Florida kwa tishari kupelekwa Houston. Ilisafiri juani, imefungwa kwa minyororo, na watu wa pwani ile wakaitazama wapendavyo. Kwa mwenye mali, kutazamwa ni sehemu ya faida. Nakala huanza kazi yake ya maonyesho ikiwa bado njiani.

Mtu makini atapinga hapo, na ana haki. Mwezi Juni mwaka huohuo wa 2012 chombo cha Enterprise kilipitishwa New York juu ya tishari, wazi kabisa, hata ncha ya bawa lake ikakwaruzwa kwenye nguzo za daraja la reli. Enterprise si nakala. Ni chombo kilichojengwa na NASA. Mwaka 2016 tangi halisi la mafuta la Space Shuttle, lile la rangi ya chungwa, lilivutwa wazi kupitia Panama hadi Los Angeles. Na roketi za Falcon 9 hurudi bandarini Marekani zikiwa zimesimama wima juu ya tishari, mchana kweupe, zimejaa masizi. Je, hoja imeanguka? Haijaanguka, ila inabidi isemwe kwa usahihi. Enterprise ilitumika kwa majaribio ya hewani tu, haikuwahi kufika angani, na safari ile ilikuwa ya kwenda makumbusho. Tangi lile halikuwahi kurushwa, nalo lilikuwa likienda kuonyeshwa. Falcon 9 imeshapaa na kutua, na safari yake ni fupi, kutoka mahali ilipotua hadi bandari ya nyumbani. Kwa hiyo swali la kwanza la mtazamaji lisiwe kama kitu hiki ni cha kweli. Liwe hili: je, kitu hiki kinatarajiwa kuruka baada ya safari hii? Kikiwa wazi kwenye safari ndefu ya bahari kuu, jibu ni hapana, na hilo peke yake linakufikisha mbali. Baada ya hapo ndipo unatafuta kama ni nakala au ni mstaafu.

Kosa la kuchukua nakala kuwa chombo halisi ni rahisi kulifanya. Marekani ilikuwa na makasha ya chuma yenye umbo na uzito wa kapsuli ya Apollo, yaliyotumiwa kuwafundisha wanamaji namna ya kuiokoa kapsuli majini. Moja kati ya hayo, lenye namba BP-1227, lilipotea baharini, likaishia mikononi mwa Wasovieti. Mwezi Septemba mwaka 1970, kwenye bandari ya Murmansk, walilikabidhi kwa meli ya walinzi wa pwani wa Marekani iitwayo Southwind. Mtu aliyekuwa gatini siku ile angeapa kwamba ameona kapsuli ya safari za mwezini. Ishara zilikuwepo, lakini zilihitaji jicho lililoelekezwa: chuma kizito badala ya metali nyepesi, na kukosekana kwa ule uso uliounguzwa na joto la kurudi duniani.

Sasa mahali pa kusimama. Likoni ndiyo bora kuliko zote, kwa sababu kila meli ya Kilindini lazima ipite kati ya ufukwe wake na Ras Serani, halafu ikate njia ya feri, mahali ambapo maji hayana upana wa kilomita moja. Hapo hata darubini huihitaji kwa kusoma jina la meli na namba yake ya IMO, zile tarakimu saba zinazoandikwa kwenye tezi. Ukitaka kuiona meli ingali mbali, nenda Shelly Beach unakoangalia bahari kuu. Asubuhi jua liko machoni mwako na kila kitu ni kivuli cheusi. Baada ya adhuhuri mwanga hutoka nyuma yako na rangi hujitokeza. Changamwe ina kazi nyingine. Kutoka miinuko ya huko unatazama chini Kipevu na Port Reitz, kwa hiyo huoni meli ikija bali mzigo ukishushwa, na kushusha husema mengi: nakala inaweza kushikwa na kreni ya kawaida kwa mikanda, lakini kasha la setilaiti huja na wafanyakazi wake, vifaa vyake, na mwendo wa taratibu sana. Isitoshe, setilaiti ndogo kama za vyuo vikuu zina nafasi kubwa zaidi ya kufika Changamwe kwa ndege, Uwanja wa Moi, kuliko kupita baharini. Kisauni nayo isidharauliwe. Mkono wa bahari wa Tudor ni wa jahazi na vyombo vidogo, lakini ufukwe wa Bamburi na Shanzu hutazama njia ya nje ya mwamba, na tishari lolote linalokwenda Kilifi, Malindi, Ngomeni au Lamu bila kuingia Kilindini huonekana vizuri zaidi huko.

Jua pia jicho lako linafika wapi. Ukisimama mchangani, macho yakiwa mita 2 juu ya maji, upeo wako ni kilomita 5 hivi. Ukipanda ghorofa ya mita 20, upeo unafika kilomita 16. Kitu kirefu huonekana kabla hakijafika kwenye upeo: mkia wa nakala ya Space Shuttle, ukiwa mita 20 juu ya maji, utachomoza kwa mtu aliye mchangani ukiwa umbali wa kilomita 21, muda mrefu kabla ya tishari lenyewe kuonekana. Kwa hiyo cha kwanza kuona hakitakuwa mabawa. Utaona kitu kama tanga lililosimama lisilopepea, na mbele yake tagi. Msimu nao una usemi. Mvutaji wa mzigo mpana ulio wazi huogopa kusi, upepo wa katikati ya mwaka unaochafua bahari. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, bahari hupoa na hewa huwa safi zaidi kwa mtazamaji vilevile.

Tagi linalovuta lina lugha yake ya ishara, iliyowekwa na kanuni za kimataifa za kuzuia kugongana baharini. Urefu wa mvuto ukizidi mita 200, mchana huning'inizwa umbo jeusi la almasi kwenye tagi na kwenye kinachovutwa. Usiku utaona taa nyeupe tatu zimepangwa wima kwenye mlingoti, mbili kama mvuto ni mfupi, na nyuma taa ya njano juu ya ile nyeupe ya tezi. Bendera iliyogawanyika wima, nusu nyeupe na nusu nyekundu, inaeleza kwamba rubani wa bandari yumo chomboni. Programu za simu zinazofuatilia meli zitakuonyesha tagi, na mahali pa kuandikia mwisho wa safari huwekwa KEMBA kwa Mombasa na KELAU kwa Lamu. Tishari lisilo na injini mara nyingi halionekani kabisa kwenye ramani hizo. Ndiyo maana ukiona kwenye simu tagi moja linalokwenda kwa mwendo wa mafundo 5 au 6 kutoka mbali, inafaa kutoka nje ukatazame kwa macho.

Hapa inabidi niseme wazi kwamba mara nyingi sana jibu litakuwa ni kitu kingine. Bandari hii imeshapokea maumbo yanayoweza kumchanganya yeyote. Mitambo 365 ya upepo ya mradi wa Turkana ilipitia Mombasa, kila mmoja na mapanga matatu, jumla yake 1,095: meupe, laini, yaliyochongoka, yenye urefu wa mita 25 hivi. Panga la namna hiyo likilazwa sitahani, mtu aliyezoea picha za roketi ataona roketi. Tofauti ni kwamba roketi ni mviringo na unene wake haubadiliki ghafla, ilhali panga la upepo ni bapa upande mmoja na lina shina la duara lenye matundu ya boliti. Mwezi Januari mwaka 2017 vichwa vya treni ya SGR vilifika kwa meli. Kreni za bandari huletwa zimesimama nzima juu ya sitaha, kimo chake kikizidi cha nyumba nyingi za kisiwani. Matangi ya gesi, transfoma, mabomba ya viwandani, vyote hivi vina uso wa metali na umbo la duara, na vyote hufungwa plastiki nyeupe.

Kwa hiyo pima. Kipimo unacho mbele yako bandarini: kontena la futi 40, ambalo ni mita 12.2. Space Shuttle kamili ina urefu wa mita 37, makontena matatu yaliyopangwa mstari, upana wa mabawa mita 24, na kimo cha mita 17 ikisimama kwa magurudumu. Kapsuli ya Apollo ina kipenyo cha mita 3.9, haiingii ndani ya kontena lenye upana wa mita 2.4, hivyo italazimika kukaa wazi au ndani ya kasha lake. Vipimo vikikubali, ndipo uangalie uso. Chombo halisi cha aina ya Shuttle kimevikwa vigae zaidi ya 20,000, kila kimoja na namba yake, na vilivyorudi kutoka angani vina michirizi ya kijivu na madoa yasiyolingana. Nakala huwa safi na rangi yake ni moja, madirisha yake mara nyingi ni meusi bila kina, na viungo vya karatasi za bati au faiba huonekana jua likiwa la pembeni. Hakuna ishara hata moja inayotosha peke yake. Makumbusho mazuri hupaka nakala masizi ya bandia, na chombo halisi kilichokarabatiwa hung'aa. Ndiyo sababu mwongozo huu unaweka namna ya kubeba mbele ya uso.

Kuna pingamizi la mwisho lenye uzito: kwa nini kubahatisha ufukweni wakati karatasi zinasema kila kitu? Ni kweli kwamba karatasi hutofautisha. Mfumo wa kimataifa wa ushuru, ambao nchi za Afrika Mashariki huufuata, unaweka vyombo vya anga na setilaiti chini ya kichwa 8802, na mifano iliyotengenezwa kwa maonyesho na mafundisho tu chini ya kichwa 9023. Wakala wa forodha aliye Mombasa hawezi kuchanganya viwili hivyo bila kujitia matatani na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Lakini orodha ya shehena haibandikwi ukutani kwa ajili ya mpita njia, na habari huenea kwa simu kabla afisa yeyote hajatoa kauli. Mtu wa Mtongwe au Mishomoroni anahitaji uwezo wa kufikia hukumu yake mwenyewe siku hiyohiyo, kisha aisahihishe karatasi zikitoka. Wala kuitambua nakala kuwa nakala si kuidharau. Uhuru ilishaanguka na kuungua angani mwaka 1979. Mtoto wa Kisauni hataiona kwa njia yoyote isipokuwa kwa nakala. Ningefurahi sana kuona tishari linaleta nakala hiyo, ya kipimo kamili, ikae mahali ambapo wanafunzi wanaweza kuizunguka na kuuliza kwa nini setilaiti ya kwanza ya eksirei ilipaa kutoka maji ya Kenya.

Ukitazama, zingatia sheria. Kupiga picha kwenye kivuko cha feri ya Likoni kumekatazwa, na bandari ni eneo la ulinzi. Kamera yako itumie ukiwa fukwe za umma, na droni usiirushe bila kibali cha mamlaka ya anga. Andika saa, jina la tagi, upande linakoelekea, kama mzigo umefunikwa, na urefu kwa hesabu ya makontena. Na ikiwa ulichokiona hakiko juu ya tishari bali kimesukumwa na maji hadi mchangani, kanuni zote zilizotangulia hubadilika. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na Shirika la Anga la Kenya likaeleza kwamba ni kipande cha roketi. Hicho kilikuwa halisi, na hakikuwa na kifuniko wala mlinzi. Kipande kama hicho kinaweza kubeba mabaki ya mafuta yenye sumu, na chini ya mikataba ya kimataifa ya anga ya mwaka 1967 na 1972 kina nchi inayowajibika kwa hasara. Usikiguse, usikikate kwa ajili ya chuma chakavu, waweke watoto mbali, mpigie chifu au kituo cha polisi, na andika mahali penyewe kabla maji hayajajaa tena.